Mwanaamina Hampi Mtu Kisogo

Mtu akitaka kuandikisha barua pale Katesh, ana njia mbili. Anaweza kwenda kwa Muksini, ng'ambo ya barabara, ambaye ana mashine nzuri na vidude vya muziki masikioni, akamkabidhi karatasi yake na muda si mrefu akarudishiwa karatasi nyingine. Au anaweza kwenda kwa Mwanaamina, Mama Zulfa, akaketi, akaulizwa habari za nyumbani, za mifugo, za mvua, na za yule mama mkwe aliyekuwa anasumbuliwa na mguu. Barua itatoka, usiwe na wasiwasi. Lakini haitatoka kabla ya mguu wa mama mkwe kuzungumzwa.

Watu wengi huenda kwa Mwanaamina.

Siri yake, kama ni siri, ilikuwa mpangilio wa meza. Kompyuta ilikaa pembeni, karibu na ukuta, na kiti cha mteja kilikaa mbele yake, uso kwa uso. Mteja alisema, Mwanaamina akamwangalia, vidole vikaandika. Kuchapa bila kutazama alijifunza kwa masista Mbulu, enzi za mashine zile za chuma zinazogonga, ambako wanafunzi walifunikwa mikono kwa kitambaa ili wasichungulie herufi. Na kipanya nacho, kwa miaka mingi aliyokaa na programu ile ile ya kuandikia, mkono wake ulikijua. Akitaka herufi nene, mkono ulikwenda. Akitaka kuchapisha, mkono ulipanda kushoto, ukashuka kidogo, ukabonyeza, naye bado anakuuliza kama yule ndama alipona.

Adabu hiyo aliitoa dukani kwa baba yake. Mzee Safari alikuja Hanang kutoka Kondoa akiwa kijana, akawauzia wafugaji shuka mpaka akawa mtu wa hapa. Alikuwa anamwambia binti yake kwamba mtu aliyetembea kutoka Hirbadaw na fimbo yake begani hakuja kununua kitambaa tu. Amekuja kuonana na watu. Mtu mzima akisema, unamwangalia. Ukimpa kisogo umemfukuza, hata kama hukumwambia toka.

Basi maisha yalikwenda vizuri, mpaka asubuhi moja kompyuta ya Mwanaamina ikatoa harufu ya mahindi yaliyoungua, ikazima, na haikuwaka tena.

Mume wake, Hamis, ambaye ni mtu wa vipuri vya pikipiki na hapendi kuona kitu kimekaa kimeharibika, alimleta Festo, fundi wa kompyuta, na mashine nyingine. Nyepesi, safi, kioo kipana. Mwanaamina alifurahi kwa muda wa kama kikombe kimoja cha chai. Kisha akafungua programu yake ya kuandikia, na hakuikuta.

Yaani ilikuwepo, jina ni lile lile. Lakini ule mstari wa maneno juu, ambao kila neno ukiligusa linateremsha orodha yake, haukuwepo. Mahali pake palikuwa na mkanda mpana umejaa vipicha: mikasi, ndoo ya rangi, mistari, mishale, herufi zilizovaa rangi za sikukuu.

"Festo, mwanangu," akasema, "hii umekosea. Nirudishie ya kwangu."

"Hiyo ndiyo ya kwako, mama. Toleo jipya. Wameipanga upya iwe rahisi."

"Rahisi kwa nani?"

Festo akacheka, akamwonyesha mawili matatu kwa kasi ya mtu anayefukuza basi, akaondoka. Mwanaamina akabaki na mkanda wake wa vipicha. Mkono ukapanda kushoto, ukashuka kidogo, ukabonyeza kama ulivyozoea, na ukurasa mzima ukatoweka! Kioo chote kikawa ukurasa mwingine kabisa, wenye maneno asiyoyajua. Alidhani kazi imemezwa. Alimwita Hamis kwa sauti iliyowatoa watu kwenye hoteli ya jirani. Baadaye ndipo alipogundua kwamba ukibonyeza kimshale fulani cha pembeni, unarudi ulikotoka, na barua yako ipo palepale, haijui hata kwamba umelia.

Kwa hiyo akafanya ambacho mtu yeyote angefanya. Akageuza shingo, akaanza kutafuta kwa macho.

Na hapo ndipo alipoingia Mzee Gidahosh.

Gidahosh ni mfugaji wa Gendabi, mrefu, mkavu, mwenye shuka la michirizi na fimbo iliyong'aa kwa kushikwa. Gendabi wakulima na wafugaji ni majirani, wanagombana juu ya mashamba na ng'ombe kama majirani wengine, lakini safari hii walikuwa wamekubaliana jambo moja bila ugomvi. Mwalimu Lucia alikuwa anastaafu, anarudi kwao Tumati, na ataagwa kwa risala. Risala unaijua: inaandikwa vizuri, inasomwa mbele ya watu, kisha inatiwa kwenye fremu na mhusika anakabidhiwa akaitundike sebuleni mpaka wajukuu waione. Bura, aliyesema kwa niaba ya wakulima, alipendekeza mwenyewe kwamba maneno yatoke kwa Gidahosh. Mzee alikuwa ameyabeba maneno hayo kifuani njia nzima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti Safari. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Karibu kiti. Ng'ombe hawajambo? Na majani huko?"

Wakamaliza habari zote, na Mwanaamina akaweka vidole tayari. Mzee akakohoa kidogo, akanyoosha mgongo.

"Andika hivi. Mwalimu, ulipokuja kwetu, watoto wetu walikuwa wanajua jina la kila ng'ombe, lakini jina lao wenyewe hawawezi kuliandika..."

Alianza vizuri sana. Lakini kichwa cha risala lazima kikae katikati, kwa herufi kubwa, na hicho kitufe cha kuweka katikati kilikuwa kimehama. Mwanaamina akageuka kukitafuta. Mzee akanyamaza. Mwanaamina akarudisha uso, mzee akaendelea. Akageuka tena. Mzee akanyamaza tena.

"Endelea tu, mzee," akasema, pua ikiwa karibu na kioo. "Nakusikia."

Alipogeuka, Gidahosh alikuwa amesimama na fimbo yake.

"Unanisikia kwa kisogo?"

"Hapana, mzee wangu, ni hii mashine mpya..."

"Shuka langu la kwanza nilinunua kwa baba yako," Gidahosh akasema, bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Alikuwa anapima kitambaa na ananiangalia mimi. Wewe leo unaongea na kioo. Basi. Mwalimu nitamuaga kwa mdomo tu."

Akatoka. Mwanaamina alimtazama akivuka barabara na kupita mbele ya duka la Muksini bila hata kugeuza kichwa kuliangalia, akaelekea njia ya kwao.

Ilimuuma. Siyo kwa sababu ya kazi, kazi zipo. Ilimuuma kwa sababu mzee alisema kweli. Tangu mashine ile ije, alikuwa amewapa watu kisogo siku nzima, kila siku, na hakujua. Akakumbuka yule mama wa jana aliyekatisha habari za harusi katikati na kusema, "Ukimaliza utaniita." Akakumbuka na wengine. Akajiona amekuwa Muksini, tena bila muziki.

Jioni ile alimweka Hamis kwenye kiti cha mteja.

"Wewe ni mzee kutoka Gendabi. Sema maneno. Mimi nitaandika nikikuangalia."

Hamis akajitanda kitenge cha mkewe begani, akakunja uso, akashika mpini wa fagio mahali pa fimbo. "Binti," akasema kwa sauti nzito, "nina ng'ombe wangu, ana pembe moja..."

"Usinichekeshe!"

"Sichekeshi. Ana pembe moja na tabia mbaya."

Mwanaamina akamkazia macho mumewe, vidole vikachapa, mkono ukaenda kwenye kipanya, ukapapasa, ukabonyeza. Akachungulia. Ng'ombe wa pembe moja alikuwa amegeuka rangi ya machungwa na kukatwa mstari katikati. Akajaribu tena, mkanda wote wa vipicha ukajificha. Mara ya tatu akageuza shingo bila kujua na kukaa hivyo kitambo kirefu, mpaka akasikia fagio linawekwa chini.

"Mama Zulfa," akasema Hamis, "mimi ni mume wako, na nimekasirika."

Wakacheka mpaka machozi, lakini ya Mwanaamina hayakuwa ya kucheka yote.

Kesho yake kulikuwa na mnada. Mwanaamina alifunga duka mapema, akajifunga mtandio vizuri kwa sababu upepo wa mlimani siku ile haukuwa na huruma, akaenda kumtafuta mzee amwombe radhi. Mnadani vumbi, moshi wa nyama, wauza mitumba wanapiga kelele kama wamefiwa na soko. Akapita kote huko mpaka upande wa ng'ombe. Gidahosh alikuwa amesimama na uzito wote kwenye fimbo, akitazama kundi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Hakugeuka. Mwanaamina akasimama kando yake, naye akatazama ng'ombe, maana hakukuwa na kitu kingine cha kutazama. Akaomba radhi. Mzee akaitikia kwa koo, kama watu wanavyoitikia wanaposikia na kupima. Kisha Mwanaamina akauliza, huyu Mwalimu Lucia, kwani alifanya nini hasa?

Mzee akaanza kusema. Akasema jinsi kiangazi kilipokuwa kinawapeleka mbali na maji, watoto walikuwa wanaacha shule na kuwafuata ng'ombe. Mwalimu akaja kwenye boma akasema, ng'ombe wapeleke, watoto niachie. Akawalaza nyumbani kwake, binti wawili wa Gidahosh na watoto wa wengine, akawapikia uji, akawachana nywele. Hakuwahi kusema wamemchosha. Mvua zikirudi, wafugaji wakirudi, wanawakuta watoto wamenenepa na wanasoma. "Mkubwa sasa ni nesi," akasema mzee. "Mama yake mwaka jana aliumwa, yeye ndiye alimchoma sindano. Mimi niliogopa kutazama. Yeye hakuogopa."

Walizungumza muda mrefu. Dume jeusi lilijaribu kutoroka, wote wawili wakalifuata kwa macho, wakaendelea na maneno palepale walipoyaacha. Na ghafla Mwanaamina akapasuka kicheko, akaziba mdomo kwa mtandio.

"Unacheka nini?"

"Mzee, nisamehe. Tangu nimefika hapa hujaniangalia hata mara moja."

Gidahosh akafikiri. "Naangalia ng'ombe."

"Na mimi sijakuangalia."

"Na wewe unaangalia ng'ombe. Tunaangalia pamoja. Kuna ubaya gani?"

"Hakuna," akasema Mwanaamina. Moyo wake ulikuwa mwepesi, angeweza kulikumbatia lile dume jeusi. "Hakuna ubaya hata kidogo. Mzee wangu, nakuomba kesho uje dukani. Nina ng'ombe wangu na mimi, wamenishinda. Nataka tuwaangalie pamoja."

Mzee hakuelewa, na ndiyo maana alikuja. Mfugaji hawezi kuambiwa kuna ng'ombe wamemshinda mtu akakaa nyumbani.

Asubuhi hiyo alikuta duka limegeuzwa. Kompyuta imetoka ukutani, imekaa katikati ya meza. Kiti cha mteja hakipo. Badala yake kuna benchi refu la mbao, alilolibeba Hamis kutoka kwenye karakana yake likiwa bado na madoa ya grisi, limewekwa upande ule ule anaokaa Mwanaamina, bega kwa bega. Verediana, mama wa Mbulu anayeuza vitunguu saumu, alikuwa ameshakaa mwisho wa benchi na gunia lake miguuni, akisubiri zamu yake.

"Karibu, mzee. Kaa hapa, upande wangu. Ng'ombe wenyewe hawa." Akaonyesha kioo. "Hivi vyeusi vidogo ni maneno yako. Wewe sema, tutayatazama yakiingia."

Gidahosh akaketi. Akaweka fimbo katikati ya magoti, akaiinamia, akakitazama kioo kwa umakini uleule wa mnadani. Kisha akasema, na maneno yakaingia moja baada ya jingine, mstari kwa mstari. Hakuna aliyemwangalia mwenzake, na hakuna aliyekasirika. Kila Mwanaamina alipotafuta kitufe, wote watatu walikitafuta.

"Bonyeza ule mkasi," akasema Verediana.

"Mkasi utakata, mama."

"Basi uache. Na ile ndoo?"

"Ndoo inamwaga rangi. Imeshanimwagia juzi."

"Mashine gani hii ina vitu vya shambani na haina jembe," akasema Verediana, na mzee akacheka kwa mara ya kwanza.

Kitufe cha katikati walikipata. Cha herufi kubwa walikipata. Alipofika pale pa uji na kuchana nywele, sauti ya Gidahosh ilikatika, akabaki anatazama kioo, na Mwanaamina akatazama kioo pamoja naye mpaka mzee akawa tayari. Verediana alipangusa macho kwa ncha ya kanga na kusema vitunguu vyake vya safari hii ni vikali.

Risala ikaisha. Mwanaamina akateremsha ukurasa taratibu ili waione yote, na Gidahosh, ambaye hasomi hata herufi moja, akanyoosha fimbo.

"Yule mmoja kule chini amejitenga."

Kweli. Neno la mwisho kabisa, "Ahsante", lilikuwa limevuka peke yake kwenye ukurasa wa pili. Ukurasa mzima mweupe, na neno moja juu.

"Hawezi kulala peke yake huyo," akasema mzee. "Fisi watamla. Tena kwenye fremu inaingia karatasi moja. Mrudishe."

Kwenye programu ya zamani Mwanaamina angefanya hivyo akiwa anakuna kichwa. Sasa hakujua aanzie wapi. Akapitisha kipanya kwenye mkanda, akafungua sehemu moja, akafungua nyingine, vipicha vikapita mbele yao.

"Ngoja," akasema Verediana. "Kile. Kinafanana na boma."

Kilikuwa kipicha cha karatasi yenye mistari minne pande zote, kama ua.

"Boma lenyewe ndilo hilo," akasema Gidahosh. "Kundi limekua, boma ni dogo. Panua boma, aingie."

Mwanaamina akabonyeza. Vikashuka vikaratasi vidogo, kingine kina ua mwembamba, kingine mpana. Akachagua chenye nafasi kubwa ndani. Kurasa zikatikisika, mistari ikajipanga upya, na "Ahsante" akapanda juu mbio, akajiunga na wenzake.

Duka zima likapiga makofi, yaani watu watatu, lakini Muksini alichungulia kutoka ng'ambo ya barabara.

Mzee akasimama, na Mwanaamina naye akasimama, maana huwezi kukaa wakati mtu mzima anakuaga. Wakatazamana. Gidahosh hakuwa na haraka. Alimshukuru, akamwombea watoto wake, akaombea nyumba ya Hamis na vipuri vyake, akamwombea baba yake apumzike vizuri huko alipo, na Mwanaamina akaitikia kila neno akimtazama machoni, kama alivyofundishwa. Katikati ya dua hiyo akakumbuka kwamba kwa furaha yote ile hakuwa amechapisha. Hakugeuka. Mkono wa kulia ulijinyoosha nyuma yake kidogo, ukakikuta kipanya, ukapanda kushoto, ukashuka mahali papya, ukabonyeza, na nyuma ya mgongo wake mashine ya kuchapishia ikaanza kunguruma na kutoa karatasi.

Mwanaamina aliuangalia mkono wake kana kwamba ni wa mgeni.

Gidahosh naye alikuwa ameuona. Alichukua risala yake ingali na joto, akaishika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto.

"Baba yako naye," akasema, "alipokuwa anapima, mkono wake alikuwa hautazami."